Bahasha ya Bamia

"Binti hatoki humu ndani," alisema Bi Ghalia kwa mara ya tatu, na safari hii akaukalia mkoba.

Ulikuwa mkoba mkubwa wa turubai. Samia alikuja nao mtupu kutoka Zinga kwa gari la kwanza, akaujaza nguo za mwanawe kabla chai haijaletwa. Sasa ulikuwa umebonyea chini ya mama mkwe wa huyo mwanawe, na mkono wa dera la bluu umechomoza pembeni kama mtu anayeomba aokolewe.

"Inuka, Bi Ghalia."

"Siinuki. Nina miaka sitini na mitatu, nimechoka, nimepata pa kukaa."

Adila, ambaye ndiye aliyekuwa akigombewa, alikuwa kitandani ameegemea ukuta, na tumbo lake la miezi mitano limemkaa juu ya mapaja. Alikuwa na mama wawili, wa kumzaa na wa mumewe, na alikwisha kujifunza kwamba wakishikana hao wawili, wa tatu hana nafasi hata ya kukohoa.

Ugomvi uliletwa na karatasi ya kliniki. Jana yake Adila alipewa majibu ya damu. Tezi yake ya shingo, ambayo kazi yake ni kuupa mwili nguvu na kumsaidia mtoto kujengeka ubongo tumboni, ilikuwa mvivu, na kila siku alimeza kidonge cha kuisaidia. Daktari alikwisha kuiongeza dawa mara mbili. Kipimo cha damu kilitakiwa kishuke, kikapanda. Na mstari wa chini yake ulisema kwamba vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ilikuwa haba mno. Mambo yakiendelea hivi, daktari alisema, itabidi aandikiwe rufaa kwenda hospitali kubwa ya Dar.

Neno rufaa peke yake lisingemtisha Samia. Lakini miaka miwili nyuma mimba ya kwanza ya Adila ilitoka ikiwa na miezi mitatu, na ni baada ya msiba ule ndipo damu ilipopimwa na uvivu wa tezi ukajulikana. Tangu mimba hii ya pili iingie, kila mtu alikuwa akihesabu wiki bila kusema kwamba anahesabu.

"Umemfungia ndani kama mwali," Samia alisema. "Nyumba yenyewe ya mawe, madirisha kama matundu ya njiwa. Uani mmeuezeka bati. Jua atalipata wapi, kwenye sahani?"

Bi Ghalia alimjibu kwamba jua analijua tangu utotoni na halijamwambia kitu. Anachokijua zaidi ni ile harusi ya Kerege. Adila alikaa mbele ya watu na mimba yake changa, kila mwanamke akimpapasa tumbo na kumwambia kapendeza, na wiki haikuisha wakarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Safari hii aliapa kwamba hakuna jicho baya litakalomfikia. Dirisha la barabarani lilifungwa, wageni wakaishia sebuleni, na kliniki Adila alipelekwa na mumewe kwa gari mpaka mlangoni, amejifunika hadi viganja.

"Mimba haikutolewa na jicho," Samia alisema. "Ilikuwa tezi. Imeandikwa."

"Na hiyo tezi ilitiwa jicho na nani? Hilo nalo limeandikwa?"

Samia aliikunja karatasi ya kliniki mara mbili. Alikuwa na stashahada ya kilimo na miaka ishirini ya kuwa afisa ugani wa kata, lakini chuoni hakufundishwa jibu la swali hilo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja, ila lilikuwa limekaa nao chumbani kama mtu wa nne. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Ukiingia mwezi wa saba, mama huja na mkoba, mkwe hutoa doti mbili za kanga na kuchoma ubani, na binti huondoka kwa dua. Kuja na mkoba mwezi wa tano, bila hata kutuma salamu, ni sawa na kusimama katikati ya mtaa na kuutangazia kwamba nyumba hii imeshindwa kumtunza mke wa mtu. Samia alilijua hilo. Bi Ghalia alilijua vilevile. Ndiyo maana mmoja aliujaza mkoba na mwingine akaukalia.

"Nimeshindwa wapi?" Bi Ghalia aliuliza, na sasa sauti yake ilishuka. "Alfajiri nikishatoa salamu kwenye mswala, nani anampandishia dawa? Mimi, na magoti haya. Na glasi ya maziwa ya moto yenye iliki, nimeyachemsha kwa mkono wangu. Ulituachia kisanduku chako, ukasema kila siku fungueni chumba kimoja, ameze vyote, basi. Sijakosa hata siku moja. Muulize mwenyewe."

Adila alitikisa kichwa kukubali. Hata Samia hakuweza kubisha, maana kisanduku kilikuwa pale juu ya meza ya kitanda, kisafi, kimewekwa juu ya kitambaa cha kufuma kama kitu cha ukumbi.

Kilikuwa kisanduku cha plastiki cha vyumba saba, zamani Samia akikiwekea vifungo vya nguo. Alikileta miezi miwili iliyopita, siku ambayo Adila alikuwa akitapika hata maji na dawa zake zimetupwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni: za tezi, za kuongeza damu, za kuimarisha mifupa, na kile kidonge cha vitamini D cha Ijumaa. Samia hapendi vurugu. Alichukua mkasi, akavitoa vidonge kwenye bahasha zake, akakatakata karatasi zake, akagawa kila siku fungu lake, akaandika siku kwa kalamu ya wino mzito. Alimaliza kwa nusu saa, na kila wiki Adila akakijaza tena kwa mfano huohuo. Tangu hapo kila alipofikiria nyumba ya mawe na mambo yake ya macho na maziwa, alijifariji kwamba angalau kitu kimoja humo ndani kinakwenda kwa utaratibu.

Mlango ulisukumwa, akaingia Yousuf, mume wa Adila, ameshika sinia la vitumbua na birika. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilikuwa chini, na nywele zake siku zote zilikuwa na vumbi la saruji. Alimwamkia mama mkwe wake, akamtazama mama yake juu ya mkoba, akalitazama dera lililochomoza, akaweka sinia chini. Kisha akasema kuna mteja anasubiri misumari. Hakukuwa na mteja, na wote watatu walilijua hilo.

Wakanywa chai. Huko ndiko pwani: ugomvi utakuwa palepale, haupoi, lakini chai inapoa. Bi Ghalia alimimina akiwa bado amekaa juu ya mkoba, akampa mgeni kikombe kilichojaa zaidi, maana hakutaka baadaye isemwe kwamba alimnyima. Samia alikula vitumbua vitatu. Vilikuwa vizuri, na jambo hilo nalo lilimuudhi.

Alipokuwa akitafuta leso kwenye pochi ndipo mkono wake ulipogusa bahasha mbili ndogo. Bi Ghalia alimwomba mbegu tangu zamani, za kupanda kwenye madebe yake ya uani, na Samia alikuwa mtu wa kutimiza.

"Haya, mbegu zako," alisema, "nisije nikaondoka nazo. Mimi nikiahidi natoa, hata kwa anayenikalia mkoba."

"Mungu akulipe. Ipi bamia, ipi mchicha?"

"Zimeandikwa."

Zilikuwa bahasha za karatasi nyeupe, zile ambazo mtu hutiliwa vidonge kwenye dirisha la dawa. Samia hatupi karatasi. Nyumbani kwake mbegu zimekaa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kwenye mikebe ya mafuta ya nywele, nyingine kwenye soksi iliyobaki moja. Bi Ghalia alivaa miwani, akaisogeza bahasha mbele ya mwanga wa taa, kwa kuwa chumba kile hata saa tatu asubuhi kilihitaji taa.

"Hii bamia," alisema. Akaigeuza. "Na huku nyuma?"

Alisoma taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyowasomesha watoto wa chuo chake cha Kurani.

"Tezi. Kimoja, alfajiri, kwa maji matupu, kabla ya kula chochote. Kisichanganywe na maziwa, wala vidonge vya damu, wala vya mifupa. Viachane masaa manne." Aliinua macho juu ya miwani. "Bamia gani hii, mkwe, ya kumezwa alfajiri?"

Adila akacheka. Lilikuwa cheko la ghafla, la kwanza tangu asubuhi, na tumbo lake likatikisika pamoja naye.

Samia hakucheka. Alikuwa akikitazama kisanduku.

Mwaka jana, katika shamba darasa la wakulima, alimsimamisha mkulima mmoja aliyeitwa Mwinyimvua mbele ya wenzake ishirini. Mwinyimvua alitia viuatilifu viwili kwenye bomba moja, akapulizia, nyanya zikaungua zote. Samia alimpa chupa akamwambia asome lebo kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka alipofika mahali palipoandikwa isichanganywe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile, huko Zinga, mtu akimwona afisa ugani anakuja hujificha au huanza kusoma chupa. Na yeye, afisa ugani mwenyewe, alichukua dawa za mwanawe, akazitoa kwenye bahasha zenye maelekezo, akazichanganya zote katika kila chumba, kisha bahasha akazitia mbegu.

Bi Ghalia naye alikuwa ameirudia karatasi, midomo ikitikisika. Kisha mkono wake ukashuka mapajani.

"Maziwa," alisema. "Yamo humu. Kisichanganywe na maziwa."

Aliilaza bahasha juu ya goti, akaendelea.

"Kila alfajiri. Nikimwambia amalize mpaka tone la mwisho." Alivua miwani, akainuka polepole, akasimama kando ya mkoba. "Mchukue, Mama Adila. Umesema kweli. Ni mimi."

Mkoba ulikuwa huru. Samia alichotakiwa ni kuinama tu na kushika vishikio vyake viwili. Angefika Zinga kabla ya adhuhuri, binti yuko naye, na hakuna ambaye angemuuliza kitu, kwa kuwa aliyekosea amekwisha kukiri. Aliona jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi. Akaona pia uso wa yule mama mtu mzima, ambaye alipanda ngazi zile kwa magoti mabovu siku sitini mfululizo kwa kumwamini yeye.

"Kaa, Bi Ghalia," alisema.

"Nimekaa vya kutosha."

"Kaa kitini. Maziwa yana sehemu yake, ndiyo. Lakini vidonge vya damu na vya mifupa humo kisandukuni hukuvitia wewe. Nilivipanga mimi, vyote pamoja. Maneno hayo yaliandikwa ili nisome, sikusoma. Nikayatilia bamia. Kosa ni langu. Nisamehe."

Bi Ghalia alikaa kitini, akamtazama mkwe wake kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Wewe si ndiye uliyemsomesha lebo yule mwanamume mbele ya kadamnasi?"

"Ndiye."

"Ulinihadithia mwenyewe, umekaa hapohapo, ukicheka."

"Nilicheka, ndiyo."

"Kinyozi hajinyoi," alisema Bi Ghalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake uliegemea upande mmoja.

Adila hapo ndipo alipopata nafasi. Alisema hata yeye alikumbuka kidogo, kwamba nesi alimwambia kitu kuhusu kuziachanisha, lakini siku zile alikuwa akitapika hata ubongo, na mama yake aliposema ameze vyote, alisema kwa sauti ambayo mtu hathubutu kuiuliza swali. Samia alifungua mdomo ajibu kwa sauti hiyohiyo, akaufunga.

Wakampigia nesi wa kliniki, simu ikiwa katikati ya kitanda ili wote wasikie. Samia ndiye aliyesimulia, bila kujipunguzia. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akasema si wa kwanza. Madini ya chuma na ya mifupa, alieleza, hukishika kidonge cha tezi tumboni kikapita bila kunyonywa, na maziwa yanaongezea. Ni kama kumtuma mtu dukani kisha kumfungia mlango. Kuanzia kesho cha tezi kimezwe peke yake kwa maji, akae karibu saa nzima ndipo anywe chai. Vya damu vihamie mchana pamoja na chakula, vya mifupa usiku. Cha Ijumaa cha vitamini D akimeze na chakula chenye mafuta kidogo. Asimeze viwili kufidia vilivyopotea. Na kwa kuwa dawa iliongezwa mara mbili kwa sababu ambayo sasa imejulikana, aje Jumatatu daktari amtazame upya aamue kiasi cha dawa, kisha damu ipimwe tena baada ya wiki nne.

"Na rufaa?" Adila aliuliza.

Nesi alisema hilo ataliamua daktari, lakini yeye angekuwa mwenye kubashiri, angebashiri vizuri. Mtoto anacheza? Anacheza, alisema Adila, na wakati huohuo mtoto akacheza. Bi Ghalia aliweka kiganja tumboni kuhakikisha, akamsogezea Samia nafasi aweke na wake.

"Na jua, nesi?" Samia aliuliza. Hakuuliza kwa ushindi, aliuliza tu.

Jua la asubuhi lisilochoma, nesi alijibu, mikono na miguu wazi, robo saa hadi nusu saa kila siku akiweza. Dawa itafanya kazi kubwa, jua litamsaidia. Si lazima atoke barabarani.

Simu ilipokatwa, wanawake wawili walitazamana. Ugomvi ulikuwa umebaki na mfupa mmoja tu, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aushike. Zinga kulikuwa na jua la bure, kiwanja kizima. Hapa kulikuwa na mtu anayeamka alfajiri kila siku, bila saa ya mlio, akakumbuka. Samia mwenyewe saa hizo huwa barabarani kuelekea mashambani. Alijiuliza ni nani kule kwake angempelekea Adila kidonge na glasi ya maji, na jibu alilipata upesi kuliko alivyotaka.

"Mimi nitakuja mwezi wa saba," alisema. "Kwa salamu, kama watu."

Akainama, akaufungua mkoba, akaanza kulikunjua dera la bluu.

Bi Ghalia hakusema ahsante. Alikwenda mpaka juu ya ngazi, akamwita mwanawe kwa jina lote, Yousuf bin Humaid, jinsi alivyomwita alipokuwa mdogo amevunja kitu. Yousuf alipanda mbio.

"Lile bati la uani," mama yake alimwambia. "Litoe."

Yousuf alimkumbusha kwamba chini yake kuna mifuko ya saruji, na kwamba ni yeye mama aliyekubali uezekwe.

"Uani uliachwa wazi na babu yako ili wanawake wa nyumba hii waote jua bila kuonwa na mtu. Wewe umeugeuza ghala, nami nikanyamaza. Saruji ipeleke dukani, ikikosa nafasi itie chumbani kwangu. Ngazi unayo, unaiuza."

"Sasa hivi, mama?"

"Jua la asubuhi, amesema. Unataka tulisubiri mpaka la mchana?"

Yousuf alimtazama mama mkwe wake kutafuta msaada. Samia alikuwa akitundika nguo kabatini, akamwambia aanze na mabati ya upande wa mashariki.

Wakati nyundo ikigonga chini, Samia alikimimina kisanduku chote juu ya kitambaa cha kufuma. Alitenga vidonge vitatu vitatu kama mtu anayechambua mchele: vya tezi upande huu, vya damu kule, vya mifupa kule, na kile cha Ijumaa peke yake. Mbegu alizimwaga kwenye vikombe viwili vya chai, akairudisha bahasha ya mchicha kwenye kazi yake ya kwanza, ya vidonge vya damu, na vya mifupa akavifunga kwenye karatasi. Vya tezi peke yake ndivyo alivyovirudisha kisandukuni, kimoja kila chumba, akakikabidhi kwa Bi Ghalia kwa mikono miwili.

"Kisome kwanza," alisema Bi Ghalia.

"Kisanduku?"

"Bahasha. Soma kwa sauti."

Samia aliisoma bahasha ya bamia kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka kwenye masaa manne. Adila alijifunika mtandio mdomoni asicheke. Alipomaliza, Bi Ghalia aliichukua, akateremka nayo jikoni, akaibandika ukutani kwa msumari mdogo wa dukani, juu ya sufuria ya maziwa.

Bati la kwanza lilishuka kwa kishindo, na vumbi la mwaka mzima likainuka. La pili likafuata. Mraba wa mwanga ulianguka uani juu ya sakafu yenye unga wa saruji, mdogo, mkali, kama kitambaa kilichotandikwa. Bi Ghalia alifagia palepale kwa mkono wake, akatandika mkeka, akamfukuza mwanawe arudi dukani kwanza, mabati yaliyobaki atayamalizia baadaye. Kisha akalikomea lango.

Adila alishuka, akaketi. Akavua mtandio, akapandisha dera hadi magotini, akanyoosha mikono. Ngozi yake ilikuwa imefifia kwa miezi ya taa, na alifumba macho kwa kuwa mwanga ulimzidi.

"Jua lina joto," alisema, kana kwamba ni habari mpya.

Samia alikuwa amekwisha kulivuta debe la kwanza mpaka ukingoni mwa mwanga. Alichoma udongo kwa kidole mara tano, akatia mbegu mbili kila tundu, akafukia. Kila jua liliposogea, Bi Ghalia aliuvuta mkeka na Adila akiwa juu yake, kidogo kidogo, na Samia akalisogeza debe nyuma yao.